Bakari, Nimempeleka Mwanasha Hotelini

Rafiki yangu Bakari,

Salamu zikufikie huko mliko nyinyi mliotangulia, nasi tuliobaki Msambweni bado tunavuta pumzi. Nakuandikia kukujulisha kwamba mwenzako sasa nimekuwa mtu mkubwa. Mahoteli yote ya fahari ya Diani nimekula, moja baada ya jingine, na kila nikiingia mlangoni mameneja wanasimama na kuniambia, "Karibu Mzee Juma, meza yako ya siku zote iko tayari."

Uongo. Najua hata huko ulipo umeguna. Nimekula katika hoteli moja, mara moja, tena saa kumi ya alasiri, na mlinzi wa langoni alidhani nimekuja kuuza makuti. Hayo mengine niliyaingia kwa mlango wa nyuma, ule tulioupita mimi na wewe miaka yote, ingawa wewe ukishavaa shati jeupe na tai ya kipepeo ulijifanya umezaliwa mlango wa mbele.

Lakini nisizunguke. Bakari, nimempeleka mkeo hotelini kula chakula cha mahaba, kwa nia ya kumposa. Usigeuke. Tulikulaza ubavu wa kulia, baki hapo hapo unisikilize mpaka mwisho, maana nina shida na shida yenyewe inakuhusu wewe.

Mwanzo wake ulikuwa hivi. Mwanasha alikaa eda yako yote, miezi minne na siku kumi, hata kizingiti hakukivuka. Alipotoka, nikaanza kumpitia kila Ijumaa nikitoka kung'oa majani kaburini kwako, nimpe habari kwamba mume wake hajatoroka. Naye hunimiminia chai. Tunakaa barazani, yeye kwenye mkeka, mimi kwenye kile kiti chako kilichovunjika mkono. Ni mwaka wa pili huu. Ijumaa moja akaleta vikombe vitatu. Akamimina viwili, akashika cha tatu, kisha akakitazama. Akakirudisha ndani. Nilikunywa chai yangu, nikaenda zangu, na njia nzima nilikuwa nikikifikiria kile kikombe.

Usidhani nilimtamani tangu zamani. Wakati ule, kama unakumbuka, niliyemtamani alikuwa dadake, Riziki, na sasa nikimwona nashukuru Mungu kwa aliyoniepushia. Mambo ya ujana hayamo tena humu. Magoti yangu yanalia nikirukuu, imamu mwenyewe huyasikia. Mke wangu Mama Salim alinitangulia miaka mingi, wewe ndiye uliyeniongoza kaburini. Mkikutana huko usimwambie. Au mwambie, alikuwa mtu wa kucheka.

Utaniuliza, kwa nini hoteli? Kwa nini nisimposee barazani na chai yake? Kwa sababu yako, bwana. Wewe ndiye uliyekuwa ukirudi nyumbani kutoka Diani ukimsimulia meza ya saba, vipi yule Mzungu alipiga goti, vipi yule bwana wa Nairobi alificha pete kwenye keki, akaila yeye mwenyewe. Miaka thelathini umebeba sahani za watu, na yeye hakuketi ukumbini hata siku moja. Mimi nilifua vitambaa vya meza zile zile, na mimi pia sikuketi. Nikasema, sisi wawili tumebaki, hebu tukakae.

Shida ikawa hoteli gani. Ile yetu, habari nikupe, imefungwa. Geti lina mnyororo na kima wanalala ukumbini kwenu. Nilichungulia. Mmoja alikuwa amekaa pale ulipokuwa ukisimama wewe, mikono nyuma, ana adabu kukushinda.

Nikachagua kwa namna ninayoijua. Wengine hutazama bahari, wengine hutazama karatasi ya vyakula. Mimi, unanijua, nilitazama nguo za meza. Unakumbuka mchezo wetu? Kila asubuhi unanisukumia lile toroli la vitambaa vichafu pale kwa dobi, unakaa juu ya ndoo, unaniambia, "Haya, soma." Nami navikunjua kimoja kimoja. Kitambaa hakifichi kitu. Wewe uliwaona watu na adabu zao mbele ya weita, mimi niliona walichoacha. Mtu na mkewe waliokosana, makombo ya kila mmoja yako upande wake, katikati peupe kama pale mpakani Lungalunga. Waliopendana, uchafu wote umekutana katikati, mchuzi umevuka huku na huku. Mwanamume mwoga huisokota napkini mpaka iwe kamba. Na mwanamke aliyelia huacha wanja pembeni mwa napkini, doa dogo jeusi, na hilo lilinitesa kuliko mvinyo. Siku moja nikakuambia, "Meza ya saba waliachana jana." Ukainuka kwenye ndoo. "Juma, wewe mchawi. Pete kaiacha kwenye sahani ya samaki."

Basi nikavaa kanzu, nikaenda kusoma vitambaa vya Diani.

Ya kwanza ni ya ghorofa, vioo vitupu, bahari yote iko chini yako. Nzuri, sikatai. Lakini meza zake ni mbao tu. Nikamuuliza wa mlangoni, "Vitambaa viko kwa dobi?" Akaniambia, "Mzee, hiyo ndiyo stailo ya sasa." Nikamuaga. Siwezi kumposa mjane wa watu juu ya meza iliyo uchi.

Ya pili wamepanga mito mchangani, watu wanakaa chini kama wako mkekani, taa zimening'inia mitini. Kwa vijana ni pazuri sana. Nikajaribu kuketi. Kuketi kulikuwa rahisi. Kuinuka waliniinua watu wawili, mmoja huku mmoja kule, kama gunia la nazi. Nikamwona akilini Mwanasha naye anainuliwa hivyo hivyo siku ya posa yake, nikaondoka. Isitoshe napkini zao ni za karatasi. Karatasi haina siri, inatupwa.

Ya tatu ni ndogo, ina bustani na ukuta, ukielekea kusini barabara inapoanza kukonda. Jina silitaji, nisije nikakusikia umekwenda kuwatisha. Nilizunguka nyuma moja kwa moja, nikakuta vitambaa vimeanikwa, vyeupe, pamba yenyewe, upindo umeshonwa kwa mkono na wanga umeshika sawasawa. Bakari, nilisimama pale kama mtu aliyesikia sauti ya mtu anayemjua. Dobi wao ni mama mmoja wa Taru, amekasirikia doa la bizari. Nikamwonyesha, ndimu, chumvi, kisha jua la saa nne, asiguse maji ya moto kabisa. Nikamwomba anionyeshe vya jana kabla hajaviloweka. Alilivuta kapu upande wake. Ila mtu aliyekutolea doa huwezi kumnyima, akanikunjulia sita. Vinne uchafu ulikuwa katikati. Nikasema, hapa.

Mbele nikamkuta mkubwa wa maweita, bwana mmoja wa bara mwenye tumbo la heshima, anaitwa Njoroge. Akafungua daftari. "Mko wangapi, mzee?" Wawili. "Saa ngapi? Dina yetu inaanza saa moja." Nikamwambia saa moja haiwezekani, mwanamke ninayemleta magharibi humkuta kwake kila siku, isipokuwa kukiwa na matanga. Nataka saa kumi, baada ya alasiri. Akacheka. "Saa kumi jikoni ndio tunamenya vitunguu." Yule mama wa Taru akatokeza kichwa. "Huyu ndiye aliyetoa lile doa. Mpe saa kumi." Nikapewa. "Na niandike ni sherehe gani? Basidei?" Nikamwambia posa. Akaandika, akaipigia mstari mara mbili.

Sasa nimwambieje Mwanasha? Nikamwambia, "Shemeji, nataka nikuonyeshe mahali panapofanana na alipokuwa akifanya kazi Bakari." Si uongo huo, umekunjwa tu. Akafikiri, akasema, "Vizuri. Nitamwambia dada ajitayarishe." Meza ya watu wawili tukaja watatu. Mimi na miaka yangu yote hapa pwani nilisahau kwamba mwanamke wa watu hatoki na mwanamume asiye wake bila mtu wa kumsindikiza. Nimewafulia Wazungu mpaka nimejisahau.

Usiniulize nililipa nini. Yule beberu wa pembe moja uliyemchukia hayupo tena.

Mwanasha alivaa buibui jipya na leso ya zambarau ndani yake. Alipaka wanja. Sikumwona na wanja tangu ulipokwenda, nikajisemea, Juma, hilo ni lako. Meza imewekwa chini ya mti wa mkilifi, kitambaa cheupe mpaka chini, na juu yake Njoroge amemwaga maua ya waridi yaliyopukuchuliwa, mekundu. Mimi nilifikiri, hilo jekundu litaacha rangi. Mwanasha akauliza, "Haya yameangukaje?" Nikamwambia yamemwagwa makusudi. Akasema, "Watu wana mali," akaanza kuyaokota moja moja, akayafunga pindoni mwa leso akatie sandukuni kwenye nguo zake. Meza ikabaki safi. Njoroge alikuja akatazama, akadhani yameibiwa na kima.

Kisha akaleta mshumaa, saa kumi na dakika chache, jua limewaka. Upepo ukauzima. Akauwasha. Ukazimika. Mara ya tatu Bi Riziki akaninong'oneza, na wewe unajua kunong'ona kwake, jikoni walisikia, "Kwani stima zimekatika?" Mwanasha akamwambia, "Mwache, labda ameweka nadhiri." Tukaulizwa maji ya aina gani, yenye mapovu ama yasiyo na mapovu. Bi Riziki akasema, "Ya kunywa."

Chakula kikaja. Sahani kama ungo, na katikati kamba wawili wamelaliana kama watoto yatima, pembeni wamechorewa mchuzi kwa kidole. Bi Riziki akaonja wake, akaweka uma. "Hiki ni cha kufungua kinywa. Chakula kinakuja saa ngapi?" Nikamwambia ndicho. Akanitazama kwa huruma, akavuta kikapu kutoka chini ya meza. Alikuwa amebeba mbaazi za nazi kwenye hotipoti na mahamri yamefungwa kitambaa. Hakwendwi kwa watu mikono mitupu, ndivyo walivyolelewa Kikoneni. Nikangoja Njoroge atufukuze. Badala yake akasimama, akanusa, akaondoka, akarudi na sahani yake. Tukala wanne, huku mbaazi zikipita juu ya kitambaa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na zikamwagika. Katikati. Nilipoliona lile doa katikati nilifurahi mpaka nikakumbuka limemwagwa na Bi Riziki.

Baadaye Njoroge, mtu mwelewa kumbe, akamwambia Bi Riziki aje atazame samaki wao wa dimbwini. Akaenda. Tukabaki wawili, kama ilivyoandikwa daftarini.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilikuwa nimeyaandika hata mkononi, jasho likayafuta. Nikasema, "Mwanasha." Si shemeji, si Mama Ali. Akaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Wewe una chai, mimi nina wakati. Nimekuja kuposa."

Akacheka, akacheka mpaka buibui likamtoka kichwani akalirudisha. Akasema, na haya ni maneno yake, sijaongeza kitu, "Shemeji, posa unaibeba mwenyewe kama muuza samaki? Mimi nimefunzwa posa huletwa na mshenga. Wewe mwenyewe ulikuja kwetu kumsemea mwenzako, ukakaa na baba tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ukadanganya mpaka ukakaukiwa. Leo wako yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa sababu ni kweli. Unaikumbuka siku ile. Wewe ulibaki njiani kabla ya kufika Kikoneni, umejificha nyuma ya duka unakula njugu, ati tumbo linakuuma. Mimi nikaingia peke yangu. Babake akaniuliza, "Huyo Bakari ana nini?" Nikamwambia ana minazi thelathini. Ulikuwa na mnazi mmoja, nao wa babako, nao hauzai. Akauliza, "Ana hasira?" Nikasema hana, na siku mbili kabla ya hapo ulikuwa umenitupia ndoo. Nilipokwisha kusema yote, babake akacheka, akasema, "Wewe muongo, lakini mtu anayepata rafiki wa kumdanganyia hivi hawezi kuwa mbaya." Nikatoka nje. Kabla sijakufikia ulikuwa ushaanza kuuliza, "Amesemaje? Amesemaje?" na maganda ya njugu yamekujaa kifuani. Ukaniambia, "Juma, zamu yako ikifika, nitakwenda mimi." Zamu yangu haikufika. Mama Salim niliposewa na amu yangu, wewe ulikuwa Mombasa unajifunza kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja.

Nikamwambia Mwanasha, "Mshenga wangu unamjua. Ndiye yule yule."

Hakucheka tena. Akatazama bustani. Njoroge alikuwa anamwonyesha Bi Riziki samaki, na Bi Riziki anamwuliza kama wanalika. Mwanasha akaichukua napkini yake, akajipangusa, akaikunja mara nne, akaiweka kando ya sahani. Akasema, "Basi mwambie aje. Nikisikia kwake, nitajibu." Kisha akasimama, akasema jua linakwenda, na magharibi imkute kwake.

Hakuniambia hapana, Bakari. Hakuniambia ndiyo.

Walipotangulia kwenye gari mimi nilirudi mezani, nikijidai nimesahau kofia. Kofia ilikuwa kichwani. Nikaikunjua ile napkini. Pembeni kulikuwa na wanja, doa kama punje ya mtama. Nimesoma madoa hayo miaka thelathini na sijawahi kukosea mwenyewe alimlilia nani. Hilo si langu. Hilo ni lako. Yule mama wa Taru alikuwa amesimama mlangoni kwake, nikampa mkononi. Nikamwambia asitumie sabuni kwanza, alipake mafuta kidogo, aliache. Akaniuliza, "Kwani hili nalo ni gumu?" Nikamwambia hili ni la polepole.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kama kawaida. Chai ilikuwepo. Aliniita shemeji. Tulizungumza habari ya mvua, na bei ya sukari, na Bi Riziki anayewaambia watu wote wa mtaani kwamba hotelini chakula huleta mwenyewe. Kuhusu lile jingine hakugusia. Alipokuwa akiokota vikombe akaniuliza tu, kama mtu anayeuliza saa, "Hajaja bado?" Nikamwambia atakuja, alikuwa mzito wa kuondoka tangu zamani.

Kwa hiyo nimechukua daftari. Ustadhi akijua naandikia maiti atanisomea kitabu kizima, na mimi niliachia darasa la nne, hata hii kalamu inanicheka. Lakini huko Mwanasha hawezi kukupata kwa simu, na mimi sina mlango mwingine. Anaota, wewe unajua. Ulilalamika miaka yote kwamba anaamka amekununia kwa uliyoyafanya kwenye ndoto zake. Njia unaijua basi. Pita hapo.

Akikataa, sitakulaumu. Majani ya kaburi lako nitayang'oa kila Ijumaa vile vile, na chai nitakunywa nikiitwa shemeji. Akikubali, nakuahidi jambo moja. Vikombe vitawekwa vitatu, na hakuna atakayekirudisha kimoja ndani.

Kwaheri, ndugu yangu. Mungu akupanulie hapo ulipo. Ile kazi niliyokufanyia Kikoneni sasa naidai, ni ndogo tu, usingizi wa mara moja. Usiende umekula njugu. Na kwa kuwa huko mliko najua uongo hauruhusiwi, sikuombi unipe minazi. Ukweli wangu mwingi ni mbaya, wewe uruke huo. Umwambie mmoja tu: Juma anajua kufua.

Mimi wako,
Juma Dobi